Ni tatu au ni nane? Niliyojifunza kwa kurekebisha mwonekano wa programu za zamani

Mama mmoja ninayemheshimu sana, mtunza stoo wa miaka mingi, aliniita mezani kwake akiwa ameinama hadi pua inakaribia kugusa kioo cha kompyuta yake mpya. "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Ni tatu au ni nane?"

Nikainama na mimi. Nikaangalia, nikasogea pembeni, nikaangalia tena. Sikuweza kusema kwa uhakika. Namba ile ilikuwa imezungukwa na ukungu, kama wino uliomwagikiwa maji kidogo. Baada ya kufungua daftari la karatasi tukajua ni 3. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameisoma 8, akaendelea na kazi kwa kuifuata, na hesabu ya stoo ikagoma kulingana. Alikuwa amekesha akitafuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe, kumbe kosa lilikuwa kwenye kioo.

Programu anayotumia ina umri mkubwa. Iliandikwa miaka mingi iliyopita, na aliyeiandika alishaondoka zamani bila kumwachia mtu msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika kuiunda. Lakini inafanya kazi. Mzigo ulioingia, uliotoka, ulioharibika, nani alichukua nini na lini, yote yamo humo. Kila mara husikia watu wakisema kitu kikishafikia umri huo kitupwe. Siafiki. Programu iliyobeba kumbukumbu za kazi ya watu haitupwi kwa sababu herufi zake zimefifia. Herufi hurekebishwa. Nimetumia muda mwingi kuzirekebisha, wakati mwingine kwa njia zilizoongeza tatizo, na ndiyo maana nayaandika haya.

Kwanza niseme ukungu ule hutoka wapi, maana mwanzoni nilihangaika kwa kutolijua hilo tu. Kompyuta mpakato aliyokuwa nayo zamani ilikuwa na kioo cha inchi 15.6 chenye pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha, 1366 kwa 768. Ukipiga hesabu, kila inchi ya kioo hicho ina pikseli 100 hivi. Programu za wakati ule ziliandikwa kwa dhana hiyohiyo: Windows ilihesabu pikseli 96 kwa inchi, na aliyechora kitufe chenye kimo cha pikseli 24 alijua kitaonekana na kimo cha milimita 6 hivi. Kompyuta mpya ilikuwa na kioo cha inchi 14 chenye pikseli 2880 kwa 1800. Hapo inchi moja ina pikseli zaidi ya 240. Kitufe kilekile cha pikseli 24 kinabaki na milimita 2 na nusu, sawa na kichwa cha njiti ya kiberiti.

Ili vitu visiwe vidogo hivyo, Windows huweka ukuzaji: asilimia 125, 150, 200 na zaidi. Programu ya kisasa huutambua ukuzaji huo na kuchora herufi zake upya kwa ukubwa unaotakiwa. Programu ya zamani haina habari. Kwa hiyo, tangu enzi za Windows Vista, mfumo huiacha ichore dirisha lake kama ilivyozoea, kisha huichukua picha ya dirisha hilo na kuivuta iwe kubwa, kama unavyovuta picha kwenye simu kwa vidole viwili. Picha ikivutwa, kingo za herufi hulainika. Kwenye maneno unaweza kukisia. Kwenye namba huwezi. 3 na 8, 5 na 6, 1 na 7, hazina neno la jirani la kukusaidia kujua ni ipi.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuzima kule kuvutwa. Nilibofya kulia kwenye ikoni ya programu, nikachagua Properties, nikaingia kwenye Compatibility, nikafungua sehemu ya Change high DPI settings (DPI ni idadi ya nukta kwa inchi), nikaweka tiki kwenye Override na kuchagua Application. Maana yake unaiambia Windows iache kila kitu mikononi mwa programu. Nikafungua upya. Herufi zikatoka safi, kali, hakuna hata chembe ya ukungu. Na zilikuwa ndogo kupita kiasi, kwa sababu programu ilirudi kuchora pikseli zake 24 kwenye kioo cha pikseli 240 kwa inchi. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa ni safi, mwanangu, lakini hawa ni sisimizi."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolijutia hadi leo. Nilikwenda kwenye mipangilio ya skrini na kushusha idadi ya pikseli za kompyuta nzima hadi 1366 kwa 768, ile aliyoizoea. Programu ikawa kubwa. Nikaondoka nikiamini nimemaliza kazi.

Kioo cha kompyuta mpakato si kama zile monita nene za zamani zilizoweza kuchora pikseli nyingi au chache bila shida. Kina pikseli zake halisi, na hizo haziongezeki wala hazipungui. Ukikiambia kionyeshe 1366 kwa upana wakati kina 2880, kila pikseli moja inatakiwa ijaze pikseli 2.1 za kioo. Hakuna kitu kinachoitwa sehemu ya kumi ya pikseli, kwa hiyo rangi za majirani huchanganywa. Zaidi ya hapo, umbo la 1366 kwa 768 ni la 16 kwa 9 na kioo kile ni cha 16 kwa 10, kwa hiyo picha nzima ilivutika kwenda juu kidogo. Nilikuwa nimeutoa ukungu kwenye programu moja na kuusambaza kwenye barua pepe zake, kwenye majedwali yake, kwenye kila kitu. Alifanya kazi wiki mbili katika hali ile, na kichwa kikimuuma kila jioni, bila kuniambia, kwa kuwa alidhani ndivyo kompyuta mpya zilivyo. Hilo liliniuma sana. Tangu siku hiyo sibadilishi kitu cha kompyuta nzima kwa ajili ya programu moja. Kinachougua ni programu. Dawa nampa programu.

Dawa yenyewe ilikuwa palepale nilipokuwa nimepita. Kwenye orodha ileile yenye Application kuna chaguo jingine, System (Enhanced), lililoingia kwenye Windows 10 mwaka 2017. Hili halivuti picha iliyokwisha kuchorwa. Linadaka maagizo ya kuchora herufi na mistari yanapotoka kwenye programu na kuyatekeleza kwa ukubwa mpya, hata kama programu haina habari. Nikalichagua, nikafunga programu, nikaifungua. Ile 3 ilisimama wazi, midomo yake miwili ya kushoto ikiwa imefunguka kabisa. Nembo ya juu ya dirisha na vipicha vya vitufe vilibaki na ukungu, kwa sababu picha zilizokwisha tengenezwa haziwezi kuchorwa upya. Hakuna aliyejali nembo.

Nimeijaribu dawa hiyo kwenye programu nyingi tangu wakati huo. Hufaa kwa zile zinazochora kwa njia ya kawaida ya Windows ya zamani, yaani programu za maofisini, za kumbukumbu, za maktaba, zenye visanduku vya kijivu na menyu za maandishi. Kwa michezo na programu za michoro zinazozungumza moja kwa moja na kadi ya picha, haisaidii. Kuna nyingine huvurugika kabisa, mistari ya jedwali ikakosa kukutana na maandishi. Ikitokea hivyo narudi kwenye System ya kawaida, chaguo la orodha ileile linaloiacha Windows ivute picha, na kuukubali ukungu, nikijaribu ukuzaji wa asilimia 200 kamili, ambako kila pikseli inakuwa pikseli nne na ukungu unapungua makali.

Kuna mtego mmoja ulionipotezea asubuhi nzima. Niliweka mpangilio, nikafungua programu, hakuna kilichobadilika. Nikaweka tena. Hakuna. Kumbe ile ikoni ilikuwa inafungua programu ndogo ya kuingilia tu, yenye kisanduku cha jina na nywila, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaiamsha programu yenyewe kutoka faili jingine. Nilikuwa namtibu mlinzi wa getini wakati mgonjwa yuko ndani. Sasa naanza na Task Manager: nafungua programu, naingia Details, nabofya kulia kwenye jina lake na kwenda kwenye folda lilipo faili. Ukibofya kulia kwenye vichwa vya safu humo humo, unaweza kuongeza safu ya DPI Awareness, ambayo hukuambia wazi kama programu inajitambulisha kuwa haijui ukuzaji, inaujua wa mfumo tu, au inaujua wa kila monita. Safu hiyo huniepusha kukisia.

Zipo programu zinazodai zinaujua na kumbe zinaujua nusu. Dalili yake si ukungu. Herufi hukua lakini visanduku vyake havikui, kwa hiyo "Jumla ya mzigo uliobaki" husomeka "Jumla ya mzigo ulio" na ukingo unakata lililobaki. Hapo namwambia Windows aichukulie kama haijui kitu, kwa kuchagua System. Inapoteza ukali kidogo, inarudisha mpangilio. Kati ya maandishi laini yaliyokamilika na maandishi makali yaliyokatwa, nachagua yaliyokamilika bila kusita.

Na kabla ya yote hayo, toka kwenye akaunti yako ya Windows kisha uingie tena. Programu nyingi za kizazi cha kati huuliza ukuzaji mara moja tu, na jibu wanalopewa ni lile lililokuwepo ulipoingia. Ukichomeka monita kubwa mchana, au ukibadilisha asilimia, huendelea na jibu la asubuhi. Nimewahi kuona mtu amebadilisha mipangilio kumi na mbili kwa tatizo lililoisha kwa kutoka na kuingia.

Tatizo la pili kwa kunisumbua ni la vitufe vinavyozama chini ya kioo. Kijana mmoja aliyekuwa akiingiza kumbukumbu za wanafunzi alinipigia simu akisema programu yao haina tena kitufe cha kuhifadhi. Kilikuwepo, ila chini ya upeo. Kompyuta yake ina pikseli 1920 kwa 1080 na ukuzaji wa asilimia 150. Gawa 1080 kwa 1.5 upate 720: hicho ndicho kimo ambacho programu ya zamani inakiona, na bado hujatoa ule mstari wa chini wenye ikoni. Dirisha lilitengenezwa kwa monita za 1024 kwa 768, na aliyelitengeneza alitumia kimo chote, na akazuia lisibadilishwe ukubwa. 768 haiingii kwenye 720. Nikamwambia, ukiwa kwenye kisanduku cha mwisho unachokiona, bonyeza Tab mara moja, kisha Enter. Kimya kidogo upande wa pili, halafu: "Imehifadhi!" Kitufe kisichoonekana bado kinapokea kibodi. Ilitosha kuokoa kazi ya siku ile. Baadaye, nilipofika, nilishusha ukuzaji hadi asilimia 125, kimo kikawa 864, na kitufe kikapanda juu. Najua hapo nimegusa kompyuta nzima kinyume na nilivyosema, lakini kioo kilikuwa kikubwa na macho ya kijana yalikuwa mazuri, na nilimuuliza kwanza. Kwa mtu mwingine ningechagua Application kwa programu ile peke yake.

Madirisha yaliyopotea yana kisa chake. Programu inafunguka, ikoni yake inaonekana chini, ila dirisha halipo popote. Mara nyingi chanzo ni projekta au monita ya pembeni iliyochomolewa: programu inakumbuka ilipokuwa na inarudi palepale, kwenye kioo ambacho hakipo tena. Shika Alt na ubonyeze Space, kisha M, kisha mshale wowote, halafu sogeza kipanya; dirisha litakuja likiwa limenasa kwenye kipanya. Mara moja hata hilo lilinitatiza, kwa sababu dirisha lilikuwa likipotea upya kila lilipofunguliwa. Nikatafuta faili la mipangilio la programu ile, faili dogo la maandishi ambalo jina lake huishia na .ini, nikalifungua. Mistari miwili ilinieleza yote:

Left=-32000
Top=-32000

Windows ikishusha dirisha chini, hulipeleka mahali pasipoonekana, na mahali hapo ni hasi 32000 kwa upana na hasi 32000 kwa kimo. Mtumiaji alikuwa na tabia ya kulishusha dirisha kisha kuifunga programu kwa kubofya kulia kwenye ikoni ya chini. Programu ikawa inaandika mahali ilipo wakati inafungwa, kwa uaminifu kabisa, na kesho yake inarudi hapohapo. Nikaweka sufuri mbili, nikamwomba arudishe dirisha juu kabla ya kufunga. Halikupotea tena.

Rangi zilizoharibika siku hizi sizioni mara nyingi. Ukiona nyuso za kijani na mbingu za zambarau kwenye programu ya elimu ya miaka ya 1990, fahamu iliandikwa kwa rangi 256, na tangu Windows 8 skrini haifanyi kazi tena kwa rangi chache hivyo. Kwenye Compatibility kuna tiki ya Reduced color mode, weka 8-bit, ndizo rangi 256 hizo. Pengine utahitaji na ile ya 640 kwa 480. Kwa michezo ya zamani inayotumia DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuchora michezo, programu ya dgVoodoo2 imenisaidia pale tiki hizo ziliposhindwa: unanakili mafaili yake kwenye folda ya mchezo, nayo hutafsiri maagizo ya zamani kwa kadi ya picha ya sasa. Yachukue kwa mtengenezaji mwenyewe tu, maana mafaili ya aina hiyo yanayosambazwa ovyo ni mlango mpana wa virusi.

Programu za DOS, mfumo wa maandishi uliotangulia Windows, nazifungulia DOSBox, programu inayoiga kompyuta za wakati ule. Humo kuna jambo moja ninalolipenda kulionyesha. Picha za pikseli 320 kwa 200 zilichorwa kwa monita za 4 kwa 3, ambako kila pikseli ilikuwa ndefu kidogo kwenda juu kuliko upana wake. Zikionyeshwa kwenye kioo cha leo chenye pikseli za mraba, kila duara huonekana limekaliwa. Weka aspect=true kwenye faili la mipangilio, na duara litarudi kuwa duara. Mtoto niliyemfungulia programu ya maumbo aliniambia duara "limeamka".

Ila zipo zisizotibika kwa mwonekano. Programu ya 16-bit, ile ya enzi za Windows 3.1, haifunguki kabisa kwenye Windows ya 64-bit, aina iliyo kwenye kompyuta nyingi za leo, na Windows 11 haina toleo la 32-bit, aina ya zamani zaidi. Hapo usipoteze siku kwenye tiki. Tengeneza kompyuta ndani ya kompyuta kwa VirtualBox, weka mfumo wa zamani wenye leseni halali, na programu itajikuta nyumbani kwake, kioo chake kikiwa dirisha ndani ya kioo chako. Nakili data kwanza. Hili nalisema kwa kila mtu: kabla ya kugusa chochote, hata tiki moja, nakili folda nzima ya data kwenye diski ya nje.

Mwaka jana programu ya mama ilihamishiwa kwenye folda nyingine wakati wa kupanga mafaili, na ukungu ukarudi. Nilijua sababu mara moja: Windows hukumbuka mpangilio ule kwa njia kamili ya faili, yaani jina lake pamoja na folda lilimo, na njia ikibadilika, kumbukumbu inabaki kule kwa zamani. Nilikuwa mbali. Lakini nilikuwa nimemwandikia hatua sita kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akaibandika ndani ya jalada la daftari la stoo. Nilimpigia kumuelekeza, akanikatiza.

"Nimeshaweka mwenyewe, mwanangu. Nimefungua ule ukurasa wa siku ile. Ni tatu."